Wali unaiva kwenye kapu la joto, maharage yananigomea. Nirekebishe nini?

MamaNuru_Moro
Habari zenu wana jukwaa. Nimeshona kapu la kuivishia chakula bila moto ili kubana matumizi ya mkaa. Ni kapu la ukindu. Pembeni nimezungushia sponji ya godoro kuukuu, unene sentimita 5, chini nimetandika khanga mbili, juu nafunika blanketi lililokunjwa. Wali unatoka safi. Maharage ndiyo shida: naloweka saa 2, nachemsha dakika 10 pamoja na nyanya, kitunguu na chumvi, kisha yanakaa kapuni saa 4. Yakitoka ni vuguvugu, ganda laini, kiini kigumu. Sufuria ya juzi ilianza hata kunuka uchachu. Napika nusu kilo kwenye sufuria ya lita 5. Kosa ni la kapu au la upishi?

Cherehani77
Dada, vyote viwili, ila nianze na kapu. Joto linakutoroka juu na chini. Wali unaiva kwa sababu hauhitaji zaidi ya saa moja, hivyo hata kapu bovu linauivisha.

Shona mito miwili ya duara. Wa chini uwe na unene wa sentimita 8 hadi 10 hata baada ya kukaliwa na sufuria. Wa juu uwe mnene zaidi, na upana uzidi kidogo mdomo wa kapu ili uukandamize uzibe kingo zote. Blanketi lililokunjwa huacha mianya kwenye mikunjo, na mvuke unapita hapohapo. Pembeni ongeza mpaka ufike sentimita 8 angalau.

Cha kujazia, sufi ndiyo bora kuliko vyote: nyepesi, hainywi maji kirahisi. Ukiikosa, omba vipande vya vitambaa kwa fundi cherehani, uvikate vidogo na kuvichambua. Usivishindilie kama gunia la mkaa. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, ukishindilia unaiondoa.

Sponji isiguse sufuria moja kwa moja. Tako la sufuria inayotoka kwenye mkaa lina joto kuliko maji yaliyomo, na sponji huyeyuka ikanuka kwenye chakula. Funika kila kitu kwa kitambaa cha pamba, khanga iliyochakaa inatosha, na ukishone kwa namna ya foronya ili kivuliwe na kufuliwa. Kila ukimaliza kupika, anika mito juani. Ikibaki na unyevu, kesho yake kapu halishiki joto, na uchachu unaanzia humo pia.

Kulipima: chemsha maji sufuria nzima, weka kapuni saa 4, kisha mimina kidogo kwenye kikombe cha bati. Ukiweza kukishika kwa mkono mtupu ukatulia nacho, bado kapu linavuja. Mwenye kipimajoto cha jikoni asikubali chini ya nyuzi 60.

BiMkubwa_Tanga
Mwanangu, fundi kasema kweli, lakini hata kwenye kapu zuri, maharage ya kuchemshwa dakika 10 hayaivi.

Loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Nusu kilo ikishavimba, pamoja na maji ya kupitiliza vidole viwili, inajaza vizuri sufuria ya lita 3. Ya lita 5 inabaki nusu tupu, na chakula kidogo hupoa upesi kuliko kingi. Ukitaka kutumia hiyo kubwa, pika kilo nzima, ugawanye.

Chemsha kwa moto mkali dakika 30, ukihesabu tangu yaanze kutokota, mfuniko ukiwa juu. Usifupishe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha. Joto la kapu peke yake haliiondoi, mchemko mkali ndio unaoimaliza. Kisha ingiza kapuni sufuria ikiwa bado inatokota, mkono usichelewe. Saa 3 hadi 4, bila kufunua kuchungulia. Yakitoka bado magumu kidogo, yachemshe tena dakika 10 na uyarudishe.

Nyanya toa kabisa hapo mwanzo. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju hufanya ganda na kiini vikaze. Ziunge mwishoni, maharage yakishaiva, pamoja na kitunguu na nazi.

Uyole_Juu
Naongezea kwa tunaoishi nyanda za juu. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar, kwa hiyo ongeza dakika 10 za moto na saa moja kapuni. Maharage yaliyokaa stoo ya joto na unyevu miezi mingi huwa sugu hata kwenye mkaa. Hapo tumia magadi, ncha ya kijiko cha chai kwa nusu kilo. Yakizidi, mchuzi unapata ladha ya sabuni. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo hukaza maharage, ya mvua ni bora.

MamaNuru_Moro
Asanteni sana. Je, makande? Na naweza kuyaacha kapuni usiku mzima, nikayatoa asubuhi?

BiMkubwa_Tanga
Makande yanawezekana, ila chemsha dakika 45, na mahindi yawe yamekobolewa na kulowekwa pamoja na maharage. Yatachukua saa 5 kapuni, ukiyachemsha tena mara moja katikati.

Usiku mzima hapana. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kubaki kimefunikwa, vijidudu vinaongezeka, ndiyo maana sufuria yako ilinuka. Kikinuka mwaga, kuchemsha upya hakukiokoi. Maharage yapange kwa mchana: moto asubuhi, kapuni saa mbili unusu, mezani saa saba, baada ya kuchemsha mara moja kabla ya kula.

Na mkaa uliobaki usiuache uteketee. Ukishatoa sufuria, uhamishie nje kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, ufe kwa kukosa hewa. Usiuzime kwa maji, utakusumbua kuwasha. Huo wa debeni ndio wa kuchemshia chai kesho.