Fotoni pepe: ipo kweli au ni ya penseli tu?

Mwalimu wa Jinja: Jana mwanafunzi kaniuliza: elektroni mbili zikisukumana, tunasema zinarushiana fotoni pepe, yaani chembe za mwanga ambazo hakuna anayezinasa. Hiyo fotoni ipo? Nikamwambia ipo, ila inakopa nishati na kuirudisha kabla haijaonekana, kama wakala wa pesa za simu anayekopa floti asubuhi akairudisha kabla bosi hajafungua daftari. Nimekosea?

Fundi Redio, Arua: Umekosea. Hakuna mkopo. Kwenye michoro ya Feynman, ile ya mistari ya penseli tunayochorea chembe zikirushiana, nishati inatunzwa kila mistari inapokutana. Kinachokiukwa ni uwiano wa nishati, momenta na masi: fotoni ya ndani ya mchoro hailazimiki kuwa na masi sifuri kama fotoni ya kawaida. Ni vipande vya hesabu. Kuna wanaokokotoa kwa kompyuta juu ya gridi, yaani nafasi na muda vikikatwa vijisanduku, bila michoro, na hizo chembe huzioni popote. Kiswahili cha kambini hicho, kukopakopa, ndicho kinachowapoteza watoto.

Mwalimu wa Jinja: Cha kambini? Ndiyo, baba alikuwa mwanajeshi na nimezaliwa kambini. Nyie wa Arua mmekuwa Waunguja tangu lini?

Muuza Vitenge, Busia: Banange! Mpakani hapa tunakula kwa Kiswahili hicho hicho. Mteja hajawahi kunirudishia kitenge kwa sababu ya ngeli.

Mkaazi wa Makerere: Tuache ngeli. Mwanafizikia Casimir alisema 1948 kwamba sahani mbili za metali kwenye utupu zitavutana, na mwenzake Lamoreaux akapima 1997. Wengi husema ni kazi ya fotoni pepe. Penseli inavuta sahani?

Fundi Redio, Arua: Lamoreaux hakutumia sahani mbili. Moja ilikuwa na mgongo, kama lenzi. Na mwanafizikia Jaffe alionyesha 2005 kwamba nguvu ile inapatikana kutokana na chaji zilizomo ndani ya metali. Ondoa chaji, mvutano hakuna.

Mkaazi wa Makerere: Mgongo wa lenzi unabadilisha nini? Unakwepa.

Muuza Vitenge, Busia: Anakwepa kama alivyokwepa la Unguja. 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe cha lazima shuleni. Halikusema cha nani.

Fundi Redio, Arua: Mama, mimi nimejifunzia sokoni Ariwara, kwa Wakongo. Sijasema ni Muunguja.

Mwalimu wa Jinja: Kumbe! Wewe ndiye wa kunicheka? Haya, mtoto ananisubiri kesho saa mbili. Hilo la gridi liandike upya, ila kwa Kiswahili cha kambini.