Kinyama bapa cha mm 25 kwenye utumbo mpana, kimeshamegwa biopsi: tukitoeje?

Darubini
Wakuu, naomba ushauri wa kiufundi. Mgonjwa ana kinyama bapa (polipu) cha mm 25 kwenye utumbo mpana unaopanda. Uso una chembechembe, hakuna shimo wala kidonda. Kolonoskopi (kuchungulia utumbo mpana kwa kamera) ya kwanza walimega vipande vinne vya biopsi (vya kupimwa maabara), jibu likaja adenoma (uvimbe ambao bado si saratani, ila unaweza kugeuka). Anatumia aspirini tu. Nipo njia panda: sindano ya kukiinua kisha kitanzi cha umeme, kitanzi baridi (bila umeme), au kukata chini ya maji?

Kitanzi15
Mkuu, macho kwanza. Osha ute, kikague kwa mwanga wa bluu. Ukiona sehemu mishipa imevurugika au imekatika (daraja la 3 la NICE, mfumo wa kukadiria kinyama kwa macho), weka kitanzi chini: hiyo yaelekea ni saratani iliyozama, kesi ya upasuaji. Kama pako shwari, zungusha skopu (bomba la kamera) hadi kinyama kikae kwenye namba 5 au 6 ya uso wa saa, maana vifaa hutokea upande huo. Wengi wanaoteseka na kitanzi, tatizo lao ni mkao.

Sindano: maji ya chumvi 0.9% hutawanyika haraka, kimiminika kizito cha jelatini hukaa zaidi. Tia rangi ya methilini bluu au indigo kamini kidogo, na adrenalini 1:100,000. Msaidizi aanze kusukuma maji wakati ncha inapoingia kwenye utando. Usijaze hadi pakawa pagumu kama mpira, kitanzi kitateleza.

Kitanzi cha mm 15 kinatosha. Kibonyeze, nyonya hewa kidogo, funga, kisha kisukume mbele na nyuma: kinyama kiende peke yake, ukuta ubaki. Umeme mara 1 hadi 3 kikatike. Ukikanyaga pedali na hakikatiki, huenda umebana msuli; legeza, inua, funga upya.

Utando_Bluu
Kwa huyu, hizo biopsi nne ndizo zitakazosumbua. Zimeacha kovu, kwa hiyo katikati hapatainuka hata kama kingo zimevimba vizuri. Ukizidi kudunga pembeni, eneo la kovu linabaki bondeni na kitanzi hakilishiki tena. Ndiyo maana mimi ningeanza chini ya maji: funga gesi, nyonya hewa yote, jaza maji safi hadi kinyama kielee. Msuli hubaki mviringo wake, hauvutwi ndani, na huna haja ya sindano. Kipande kitakachogoma kwenye kovu king'oe kwa koleo la biopsi bila umeme.

Kinyama kisichoinuka na hakijawahi kuguswa ni habari nyingine kabisa. Hapo hofia saratani.

Darubini
Na kitanzi baridi? Nasikia hakitoboi.

Kitanzi15
Kwa vya chini ya mm 10 ndicho chaguo la kwanza, ukichukua na mm 1 hadi 2 za utando mzima. Kwa mm 25, utumbo kutoboka na damu ya kuchelewa hupungua sana, ila adenoma hurudi zaidi kuliko kwa umeme. Pia hukwama kwenye nyama nene. Kikikwama usiongeze umeme ghafla. Legeza kidogo, inua, funga tena.

Ukitumia umeme, malizia kingo: ncha ya kitanzi itoke kidogo tu, mkondo laini wa kugandisha, zunguka ukingo wote hadi uwe mweupe. Kurudi hupungua sana. Usitumie mbinu hiyo kuficha adenoma uliyoiacha.

NesiEndo
Meza iandaliwe kabla: klipu (vibanio vya kufungia kidonda), wavu wa kukusanyia vipande, gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kawaida. Aspirini kwa kawaida haisimamishwi. Baada ya kukata, osha na uangalie kitako cha kidonda: bluu sawasawa ni salama. Duara jeupe katikati ya bluu, au chini ya kipande kilichotolewa, ni msuli uliokatwa; klipu hapohapo, kabla ya kuendelea na vipande vingine. Upande wa kulia na ukubwa huo, kufunga kidonda chote kwa klipu hupunguza damu ya kuchelewa. Mgonjwa aambiwe inaweza kutoka hadi siku ya 14.

Utando_Bluu
Wino wa alama uwe sm 3 upande wa kuelekea puru, kamwe si chini ya kinyama, utaongeza kovu. Kikikatwa vipande vipande, rudi baada ya miezi 6 ukague kovu lote.