Popo wa Pemba wanapigwa bunduki mchana kweupe, wenye dhamana wanatazama tu!

Wakuu, leo nina hasira, lugha ikiwa kali mtanivumilia.

Kuna watu wanakuja kijijini kwetu na gari kutoka mjini. Bunduki wana kibali nayo, eti ya kufukuzia tumbili mashambani. Wanasimama chini ya miti ya makaburini, popo wamelala, wanawamiminia marisau. Makaburini, jamani! Wakishajaza polo wanaondoka, nyama inauzwa kwa kujuana.

Nikaenda kwa sheha, akanambia hayo ni ya watu wa misitu. Watu wa misitu wakataka ushahidi. Nikawapelekea picha, namba ya gari inasomeka vizuri kabisa. Jibu nililopewa: "Sasa bwana, si popo tu hao?"

Popo tu! Popo huyu, yule mkubwa mla matunda, hayupo Unguja, hayupo Mafia, hayupo bara, yupo Pemba peke yake duniani kote. Miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache, na mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawaweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka huohuo Zanzibar ikapitisha Sheria Namba 10 ya uhifadhi wa misitu. Lakini waliofanya kazi ni wanakijiji: vilabu vya kuhifadhi popo, na watu wa kijiji cha Kidike waliokaa wakalinda miti yao mpaka wageni wakawa wanalipa kuja kutazama. Ndipo hesabu ikapanda hadi karibu 20,000, na mwaka 2008 wakashushwa daraja la hatari. Tangu hapo naona wakubwa wamejilalia, kama vile kazi imekwisha.

Na asije mtu hapa kunisomea CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Najua wamo kwenye Kiambatisho cha Pili. Hiyo inahusu kuvusha mipaka ya nchi. Sufuria ya Chake Chake haipiti forodhani.

Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na mwanzoni humbeba kifuani akiruka naye. Ukimtungua mama umeua wawili, na pengo hilo halizibwi msimu mmoja. Mtu mwenye manati alikuwa akipata mmoja mmoja. Bunduki inamaliza mti mzima asubuhi moja.

Wataokuja na "wanatulia maembe na mashelisheli", sawa, hata yangu wanayala. Lakini mbegu nazo wanazichukua wakazitema mbali, na maua ya misufi yanayofunguka usiku nani anayazungukia? Tumbili wenu?

Sasa nataka jibu la mtu anayejua sheria za Zanzibar, si pole. Ofisi ikikataa kufungua jalada, raia wa kawaida anaweza kwenda mwenyewe polisi au mahakamani na picha zake? Na kibali cha bunduki kikitumika kwa wanyama wasiotajwa ndani yake, nani mwenye mamlaka ya kukifuta? Nikijua mlango, Jumatatu naugonga.