Malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa vita ya Kagera, utaratibu ulikuwaje?

MjukuuWaDereva: Wakuu habari za jioni. Babu alikuwa na lori moja la Bedford Shinyanga anabeba pamba, mwishoni mwa 1978 serikali ikalichukua lipeleke vitu Kagera. Lilirudi 1979 limechoka, likakaa uani miaka mpaka likauzwa chuma chakavu. Bibi bado anatunza ndani ya Biblia ile karatasi babu aliyopewa walipolichukua. Walikuwa wanachukuaje magari ya watu? Na kwa nini hata lililorudishwa halikurudi kazini? Sitafuti fidia, nataka kuelewa tu kwa sababu babu alikufa na kinyongo.

utingo_mstaafu: Mjukuu wangu, nilikuwa utingo kwa tajiri mmoja Mwanza. Walikuja askari na watu wa mkoa, wakaandika namba ya gari na hali ya tairi, tajiri akapewa karatasi, kesho yake tumeshapakia unga na maharage. Dereva na mimi tulienda na gari letu, tungemwachia nani? Ilikuwa mvua za vuli, Biharamulo kwenda juu tope tupu, gari moja likinasa na nyinyi wote nyuma mnalala hapohapo. Na daraja la Kyaka kwenye mto Kagera, majeshi ya Amin wa Uganda yalishalilipua.

Kakonko77: Angalia ramani utaelewa, reli kutoka Dar inaishia Mwanza, Bukoba unafika kwa meli au kwa barabara, basi. Jeshi lilipanuka ghafla na malori yake hayakutosha, Sokoine akiwa Waziri Mkuu akaagiza mikoa itoe kila ilichonacho. Ila mimi naona kilichoua lori la babu yako ni kilichofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mafuta yakapanda bei 1979, dola zimeishia vitani, Mwalimu akaomba watu wafunge mkanda miezi 18 na tukaufunga miaka. Tairi kwa kibali, spea kwa kibali, dizeli kwa foleni. Mwenye lori moja asiyemjua mtu ofisini alikuwa anapata wapi? Na nafaka zilikuwa za NMC, shirika la serikali la nafaka, huwezi kujipakilia tu mahindi ukavuka mkoa. Mazao yameoza vijijini huku malori yamewekwa juu ya mawe, hiyo inaniuma mpaka leo.

Mama_Tabora: Hata Marekani 1942 walibanwa hivyohivyo, Japani ilipochukua Malaya (Malaysia ya leo) mpira wa kutengenezea tairi ukakatika, lori bila cheti cha serikali halipati mafuta wala tairi, mwendo mwisho kilomita 56 kwa saa ili tairi zidumu. Tofauti ni kwamba vita ilipoisha wao walikuwa na viwanda vya kutengeneza nyingine.

MjukuuWaDereva: Shikamoo mzee utingo, asanteni wote. Nimempigia bibi akaisoma karatasi, imeandikwa "tairi sita nzuri". Anasema lilirudi na nne, mbili zimeshonwa. Mzee, kwenye msafara wenu unakumbuka Bedford ya kijani ya Shinyanga, ubavuni imeandikwa Mungu Yupo?