Akaunti imefagiliwa kwa deni la ushuru, na ndani mlikuwa na pesa za chama. Nianzie wapi?

FundiBaridi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa AC hapa Mombasa, kazi zangu nyingi ni za mahoteli ya huku Nyali na Bamburi. Jumatatu asubuhi nimekwenda kutoa pesa ninunue gesi, mashine ikaniandikia salio sufuri. Nikadhani mtandao. Nikaingia ndani, dada wa kaunta akatazama skrini, akanyamaza, akamwita meneja. Meneja akanitolea karatasi: benki imeamriwa na watu wa ushuru itoe chochote kilichomo hadi deni la 438,000 litimie. Akaunti ilikuwa na 187,340.

Katika hizo, 60,000 ni za chama chetu cha mazishi, mimi ndiye mweka hazina. Nyingine karo ya watoto. Na akaunti yenyewe ni ya pamoja na mke wangu, ambaye hana deni na mtu.

Ritani nafaili kila mwaka, sijaruka hata mmoja. Kuna kijana wa saiba, duka la intaneti, alikuwa akinifanyia, dakika tano tu, mia mbili. Sasa deni limetoka wapi? Na benki inaweza kutoa pesa zangu bila kuniuliza? Nimeambiwa nitafute wakili, lakini wakili naye ataka pesa.

Kizingo_Moja
Pole kaka. Hamisha pesa zote kwa M-Pesa ya shemeji, basi.

FundiBaridi
Zipi tena za kuhamisha?

MhasibuChangamwe
Achana na hayo ya kuhamisha. Hiyo karatasi ni notisi ya uwakala, iko kwenye kifungu cha 42 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015. Kamishna wa ushuru hahitaji kwenda kortini kwanza. Anamwandikia yeyote anayeshika pesa zako au anayedaiwa nawe: benki, mwajiri, hata hoteli ambayo haijakulipa. Benki ikikaidi, deni linaigeukia yenyewe, kwa hiyo usimgombeze yule meneja.

Lakini notisi haitolewi hivi hivi. Lazima kuwe na makadirio, yaani hesabu ya ushuru unaodaiwa, uliyotumiwa ukakaa kimya hadi muda wa kupinga ukapita, au rufaa hukukata, au ulijikadiria mwenyewe usilipe, au ulipewa mpango wa kulipa kidogo kidogo ukauvunja. Wewe ni lipi kati ya hayo?

Na huyo kijana wa saiba, dakika tano hizo alikuwa akifaili nini?

FundiBaridi
Nimeuliza ndiyo nimejua. Sufuri. Miaka yote sufuri.

MhasibuChangamwe
Nilijua. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye uchungu. Hoteli ikikulipa kazi ya kandarasi inakata 3% ya ushuru na kuipeleka kwa PIN yako, namba yako ya ushuru. Basi wewe unasema hukuingiza hata shilingi, huku hoteli zimeshasema zimekulipa. Mfumo umeyaona yote mawili, ukachukua malipo yote kama faida tupu.

Mwaka mmoja ulilipwa kiasi gani?

FundiBaridi
Kama 700,000, tuseme 2021 mpaka 2023 hivyo hivyo. Lakini hizo si zangu! Gesi, mabomba ya shaba, kapasita, petroli ya pikipiki, kijana wa kunishikia ngazi. Nikibaki na nusu nashukuru Mungu.

MhasibuChangamwe
Haya, nusu. 350,000. Shilingi 288,000 za kwanza ni 10%, hiyo 28,800. Zilizobaki 62,000 kwa 25% ni 15,500. Jumla 44,300. Toa nafuu ya kibinafsi, ile anayopunguziwa kila mlipa ushuru, 28,800 kwa mwaka. Unadaiwa 15,500. Hoteli zimeshakukatia 3% ya 700,000, yaani 21,000.

Kama una risiti za kuthibitisha hiyo nusu, hukuwa na deni ndugu yangu. Ulikuwa unadai wewe, 5,500 kila mwaka, na hiyo sufuri ndiyo iliyokuzika.

BiMwanaisha
Subhanallah. Mia mbili za saiba.

FundiBaridi
Nimekaa hapa kwenye ngazi za duka la mtu nasoma hii mara ya nne.

BiMwanaisha
Mwanangu, nikuambie la mkeo na la chama. Akaunti ya pamoja haiguswi ila wenyewe wote wawe na deni, au mwenye deni awe anaweza kutoa pesa bila saini ya mwenzake. Yenu ikoje?

FundiBaridi
Yeyote atoa.

BiMwanaisha
Basi hapo wamepata mlango. Za chama nazo zilikuwa kwa jina lako, benki itajuaje? Waite wanachama leo, daftari mkononi, kabla hawajasikia kwa jirani. Mimi nilishika za wanawake wa mtaa miaka sita. Siku ya pili tu nilifungua akaunti ya kikundi yenye saini tatu.

MhasibuChangamwe
Pingamizi huwekwa ndani ya siku 30 tangu upate makadirio. Zikipita, unaomba kupinga kwa kuchelewa: ulikuwa nje ya nchi, ulikuwa mgonjwa, au sababu nyingine ya maana. Wakikataa, kukataa kwenyewe kunakatiwa rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Wakikubali, wana siku 60 za kuamua, wakinyamaza, umeshinda. Huku ukiomba mpango wa kulipa kile usichokipinga. Ila sijaelewa kwa nini hukuyaona makadirio. Hutumwa kwa barua pepe.

FundiBaridi
Nimeingia iTax, tovuti ya ushuru, sasa hivi. Barua pepe iliyomo si yangu. Ni ya yule kijana, na siku hizi yuko Doha.

Nimempata WhatsApp. Kanitumia picha ya skrini: barua tatu, ya kwanza ya Februari. Zote hazijafunguliwa.

MhasibuChangamwe
Ichapishe hiyo picha, tarehe zionekane. Sikuahidi kitu, watakuambia anwani ni jukumu lako. Lakini ikae juu ya faili, risiti za gesi chini yake. Na badilisha barua pepe kabla hujalala.

FundiBaridi
Yataka nenosiri jipya, na nenosiri linatumwa Doha. Namsubiri atoke kazini.