Tepe za nishani za Jenerali Douglas MacArthur: zinapangwaje ubaoni?

Ubao_wa_Historia
Wakuu, natengeneza ubao wa maonyesho wa tepe (vile vitambaa vidogo vinavyovaliwa kifuani badala ya medali yenyewe) za nishani za MacArthur, jenerali wa Marekani, zile za Marekani tu. Orodha zinampa Nyota ya Fedha 7, Misalaba ya Utumishi Uliotukuka 3, na Nishani za Utumishi Uliotukuka za Jeshi la Nchi Kavu 5. Je, hizo peke yake ni tepe 15? Moyo wa Zambarau (nishani ya waliojeruhiwa vitani) unakaa wapi? Na mbona kwenye picha zake nyingi za Vita Kuu ya Pili havai utepe hata mmoja?

Mwaloni
Mkuu, utepe haurudiwi. Nishani ikitolewa mara ya pili, unabandika jani dogo la mwaloni la shaba juu ya utepe uleule. Kwa hiyo tuzo 3 ni utepe mmoja na majani 2, tuzo 5 ni utepe mmoja na majani 4. Jani la fedha linasimama badala ya majani 5 ya shaba. Nyota ya Fedha 7 basi: utepe wenyewe ni ya kwanza, jani la fedha linabeba tano zinazofuata, jani moja la shaba linakamilisha. Wengi hukosea hapa, wanaweka la fedha na mawili ya shaba, na jenerali anapata tuzo ya nane ambayo hakuwahi kupewa.

Mpangilio wa leo, ukianzia juu upande wa kulia wa mvaaji (yaani kushoto kwako wewe unayetazama):

Safu ya 1: Nishani ya Heshima; Msalaba wa Utumishi Uliotukuka; Nishani ya Utumishi Uliotukuka ya Jeshi la Nchi Kavu.
Safu ya 2: Nishani ya Utumishi Uliotukuka ya Jeshi la Majini, Nyota ya Fedha, Msalaba wa Urukaji Uliotukuka.
Safu ya 3: Nyota ya Shaba, Moyo wa Zambarau (alipewa mara 2, kwa hiyo jani 1), Medali ya Anga.

Tepe 9, safu tatu kamili. Utahitaji majani 8 ya shaba na 1 la fedha. Vikonyo vya majani vielekee kulia kwa mvaaji, na la fedha litangulie upande huohuo. Utepe mmoja una upana wa milimita 35 hivi na kimo kisichofika 10, kwa hiyo pima majani kabla ya kununua. Yale makubwa ya kubandika kwenye utepe wa medali inayoning'inia hayatatosha manne kwa mstari.

Safu_ya_Tatu
Mpangilio huo ni sahihi kwa leo, lakini amua kwanza ubao wako unaonyesha mwaka gani. Moyo wa Zambarau ulipandishwa na Bunge la Marekani mwaka 1985. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, ulikaa chini ya Medali ya Anga, juu kidogo tu ya Nishani ya Tabia Njema. MacArthur alifariki Aprili 1964, hivyo mpangilio huo wa leo hakuwahi kuuvaa.

La pili ni la 1918. Wakati ule Nyota ya Fedha haikuwa medali. Ilikuwa nyota ndogo ya fedha inayobandikwa kwenye utepe wa Medali ya Ushindi ya Vita Kuu ya Kwanza, moja kwa kila sifa iliyotajwa kwenye amri. Mwaka 1932 ndipo ikageuzwa kuwa medali kamili. Nyota zake saba zote ni za Ufaransa, alipokuwa na Divisheni ya 42 ya "Upinde wa Mvua". Ukichora sare yake ya mwaka 1919 ukaweka utepe wa Nyota ya Fedha, umekosea kwa miaka 13. Moyo wa Zambarau nao ulifufuliwa tarehe 22 Februari 1932, siku ya kutimia miaka 200 tangu kuzaliwa George Washington. MacArthur ndiye aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu, na namba 1 ilikwenda kwake.

Kuhusu picha: katika Pasifiki alivaa shati la kaki lililo wazi shingoni, bila tai, na alama za cheo tu. Alichagua mwenyewe. Ubao wa tepe unaonyesha alichostahili kuvaa, basi maelezo chini yake yaseme hivyo.

Corregidor42
Kwenye maelezo usiiandike Nishani ya Heshima kama ya tendo moja la ujasiri. Alipewa 1942 kwa kuongoza ulinzi wa Ufilipino, baada ya kuondoka Corregidor, kisiwa chenye ngome huko Ufilipino, kwa amri ya Rais Roosevelt. George Marshall, Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu wakati huo, aliisukuma, sababu mojawapo ikiwa kuzima propaganda ya adui, Japani, kwamba kamanda amekimbia. Eisenhower, wakati huo ofisa chini ya Marshall, aliipinga. Jenerali Jonathan Wainwright, aliyebaki na kutekwa, alipendekezwa mwaka huohuo, MacArthur akapinga, na Wainwright akaipata Septemba 1945 baada ya kutoka kifungoni. Kwangu mimi ubao unaomtaja mmoja bila mwingine una pengo kubwa.

Baba yake, Arthur, aliipata ile ya kwake kwa mapigano ya Missionary Ridge katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Novemba 1863, akiwa na miaka 18, ingawa alikabidhiwa 1890. Ndio baba na mwana wa kwanza kuwa nayo wote wawili.

Ubao_wa_Historia
Asanteni sana wakuu. Nitaufanya wa mwaka 1964, alipofariki. Nishani ya Heshima yenyewe naweza kununua halisi?

Mwaloni
Hapana. Sheria ya Marekani inakataza kuiuza, na katazo linagusa utepe wake pia. Chapisha picha: samawati nyepesi, nyota 5 nyeupe katikati. Na kwa kuwa ni 1964, badilisha nafasi za Moyo wa Zambarau na Medali ya Anga kwenye safu ya tatu.