Apdeti imevuruga ugumu wa gemu na kuua modi ya Kilwa. Imetosha sasa!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Gemu silitaji jina, wanaolicheza hapa Dar watalijua kabla hawajafika katikati ya uzi. Jana nimetoka kazini Mwenge nimechoka, nawasha kompyuta, apdeti inaanza kujishusha yenyewe bila kuniuliza. Bando lote limekwenda. Hilo tumeshazoea. Yaliyofuata ndiyo yaliyonipandisha presha.

Kwa wasiojua, kwenye magemu mengi ya mikakati ukipandisha ugumu kompyuta haiongezewi akili, inaongezewa mali. Civilization VI iko wazi kwenye hili: ngazi ya Prince wewe na kompyuta mko sawa, lakini ukienda Deity, ngazi ya juu kabisa, mpinzani anaanza na walowezi (wale wa kuanzisha miji) watatu na wewe mmoja. Sina ugomvi na hilo, maana umechagua mwenyewe ukijua unachokifuata. Hawa wetu, watengenezaji wa gemu letu, wameacha jina lilelile la ngazi, "kawaida", halafu chinichini wameijazia kompyuta dhahabu na chakula, bei ya askari wakaishusha na mapato ya biashara wakayakata. Maelezo yao yanasema tu uwiano umeboreshwa. Umeboreshwa kwa ajili ya nani?

Jibu tunalo. Wanaoshindana wao kwa wao mtandaoni walilalamika kwamba biashara inalipa kuliko vita. Kwa upande wao wana haki kabisa. Ila namba zao na za sisi tunaocheza peke yetu dhidi ya kompyuta zimewekwa kwenye faili moja, kwa hiyo wakikatiwa wao tunakatwa na sisi. Kuzitenganisha kuna ugumu gani?

Sasa modi, yaani nyongeza ambayo wachezaji wenyewe wanaitengeneza na kuipachika kwenye gemu. Modi ya Kilwa imetengenezwa bure na vijana wa Sinza na Tabata, usiku, kila mtu akiwa ameshamaliza shughuli zake. Kilwa yao inaishi kwa biashara: askari wachache, dhahabu ya Sofala inapita bandarini, na kila kitu kinafuata upepo. Kaskazi ikivuma, majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yanateremka haraka. Kusi ikiingia, yanarudi. Ukikosea msimu umekaa bandarini. Sijaona gemu lingine lililoiheshimu pwani yetu namna hiyo.

Pepo zile zilisoma jedwali la mwendo wa vyombo. Apdeti imelibadilisha jina jedwali hilo, basi. Modi ikilitafuta hailipati, mwendo unakuwa sifuri. Nimefungua mchezo niliouhifadhi, nakuta majahazi yameganda mbele ya Kilwa Kisiwani, hakuna hata moja linalosogea, na kila zamu hazina inapungua kwa mishahara ya mabaharia. Huku jeshi la kompyuta, lile la bei chee, limeshaizingira Sofala. Kampeni imekufa hivyo, na mimi sijakosea hatua hata moja.

Wangeweza kuliacha jina la zamani lifanye kazi sambamba na jipya. Wangeweza kuwatangazia watengeneza modi mapema. Na msiniambie haiwezekani kurudi nyuma: mwaka 2018 toleo la 2.0 la Stellaris, gemu la mikakati ya anga za juu, lilibadilisha kabisa namna ya kusafiri kati ya nyota, modi nyingi zikalala, lakini matoleo ya zamani yapo Steam, duka la magemu la mtandaoni, mpaka leo, mtu anachagua analolitaka na kumalizia kampeni yake kwa amani. Hawa wetu wametufungia mlango, na hela yetu wameshakula.

Naomba kila mwenye gemu hili aende akaandike malalamiko kwenye ukurasa wao wa msaada, kwa Kiswahili au lugha yoyote, adai toleo la zamani lirudishwe. Na kama kuna mdau ambaye bado hajaiwasha kompyuta yake tangu juzi, asiiwashe ikiwa na intaneti! Azime Wi-Fi kwanza, anakili folda nzima ya gemu, kisha anicheki inboksi. Gemu nimelilipia, nataka faili za toleo la zamani tu. Hata ukiwa Mbagala au Bunju nakuja na diski yangu leo hii.